Usiguse install.xml peke yake (jibu kwa anayeandika masomo ya kutengeneza plagini, yaani nyongeza, za Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni)

Mkuu, hapana. Acha kwanza.

Umeandika hapo juu: "Somo likihitaji mabadiliko naingia tu, naongeza safu mpya kwenye install.xml, basi." Faili hiyo ndiyo inayoeleza majedwali ya plagini kwenye hifadhidata, na hiyo "basi" yako imenikata tumbo. Ilikuwa "basi" yangu pia.

Nilikuwa na somo la sehemu sita, la kutengeneza plagini ya mahudhurio ya wanafunzi. (Najua ipo nyingine nzuri tayari, msinianze, nilitaka mfano tu.) Baadaye nikaona jedwali linahitaji safu ya sababu ya kutofika darasani. Nikaiongeza kwenye install.xml, nikapandisha namba ya toleo kwenye version.php, nikafuta Moodle ya kwenye laptopu yangu na kusakinisha upya. Ikaenda kama maji. Nikachapisha, nikalala.

Sasa sikiliza. install.xml inasomwa siku ya kusakinisha tu. Kwa mtu aliye na plagini tayari, Moodle inaona namba imepanda, inaenda kutafuta db/upgrade.php, faili yenye maelekezo ya kubadilisha majedwali yaliyopo. Mimi hiyo faili sikuwa nayo kabisa. Kwa hiyo watu wote walionifuata tangu mwanzo wakabaki na namba mpya na jedwali la zamani, na kila wakifungua ukurasa ni kosa la hifadhidata.

Jamaa mmoja wa TEHAMA wa chuo fulani akaniuliza afanyeje. Nikamjibu nilivyofundishwa: "Iondoe, isakinishe upya."

Kuondoa plagini kunafuta majedwali yake yote. Moodle yenyewe inakuonya kabla hujabonyeza. Akabonyeza, kwa sababu "mwalimu" kasema. Mahudhurio ya muhula mzima yakaondoka wiki mbili kabla ya mitihani, na pale kwao mahudhurio yasipotimia huingii chumba cha mtihani. Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya kabla muhula haujaanza. Siku nne anaingiza upya kutoka kwenye karatasi za saini, mimi namsaidia kwa simu, akianza kutukana najifanya mtandao unakatika.

Na yule mkufunzi wa mafunzo ya siku tatu aliyenipa huo ujinga, tulimlipa na chai na vitumbua tukamlisha! Kila tatizo dawa yake ilikuwa "ondoa, sakinisha". Kwenye laptopu tupu sawa. Hakuwahi kututajia kwamba ipo siku ndani ya jedwali patakuwa na jasho la watu.

Kwa hiyo: ukibadilisha somo, jaribu safari ya kutoka toleo la zamani kuja jipya. Na safari hiyo aifanye mashine, maana wewe utachoka mara ya pili tu. Kila sehemu ya somo langu ina tagi yake (alama ya toleo) kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya kodi. Skripti inachukua tagi ya zamani, inasakinisha, inajaza rekodi chache, inahamia tagi mpya, inaendesha admin/cli/upgrade.php (skripti ya Moodle ya kupandisha toleo), kisha inahesabu rekodi. Ikipungua hata moja, sichapishi. Kodi inayoonekana kwenye somo (si ile ya TRA, hiyo nayo nadaiwa) inavutwa kutoka tagi hiyo hiyo, sibandiki kwa mkono.

Moodle wanatoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, na kila likitoka naendesha skripti ile ile juu yake. Ndivyo nilivyogundua kwamba kuanzia 4.4 sehemu yangu ya tano, iliyotumia kitendakazi cha before_footer ndani ya lib.php, imepitwa na wakati, sasa wanataka hooks (njia mpya ya plagini kujiunganisha na Moodle). Nilijua kabla msomaji hajanipigia.

Uliuliza pia video au picha za skrini, na kingine cha PDF sijui nini. Weka chochote, mkuu. Tengeneza hizo tagi mbili kwanza, niwekee kiungo hapa, nitapandisha mwenyewe nione kama rekodi zinabaki.