Video Haina Sauti? Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Kama video inaonyesha picha vizuri lakini haitoi sauti, na nyimbo nyingine kwenye kompyuta hiyohiyo zinasikika, spika zako ni nzima. Usimpe mtu hela ya kupiga Windows upya. Nashuti na kuhariri video za send-off, harusi na kipaimara hapa Moshi, na hili ndilo tatizo ninaloletewa kuliko yote, hasa Januari, wageni wa Krismasi wakisharudi makwao na familia zikabaki na flashi.

Ndani ya faili moja la video, picha na sauti zimehifadhiwa kila moja kwa mfumo wake. Programu ya kuchezea video inaweza kuujua mfumo wa picha na isiujue wa sauti. Kamera nyingi za sherehe hurekodi kwa AVCHD, mfumo uliotolewa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Mafaili yake huishia na MTS, na sauti yake mara nyingi ni AC-3 ya Dolby. Filamu zenye mafaili ya MKV nazo hubeba AC-3 au DTS, mfumo mwingine wa sauti.

Mama mmoja wa Kibosho aliniletea laptop ambayo tayari ilikuwa imepigwa Windows mjini kwa sababu video ya kipaimara cha binti yake haikuwa na sauti. Picha za marehemu mume wake zilifutwa zote. Sauti bado haikutoka. Nilipomwekea VLC, programu ya kuchezea video, kwaya ikasikika palepale, akaniuliza, "Mwanangu, kumbe ilikuwemo?" Ilikuwemo, mama. Jambo hili linaniumiza kwa sababu lingeweza kuepukwa kabisa. Tena Windows 11 toleo la 24H2, ikiwekwa upya, haiji na uwezo wake yenyewe wa kusoma AC-3, kwa hiyo kupiga upya kunaweza kuiondoa hata sauti iliyokuwa inatoka.

Anza na VLC basi. Ni ya bure, mradi ulioanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, na inabeba ndani yake uwezo wa kusoma mifumo karibu yote ya sauti. Ipakue videolan.org, si kwenye tovuti nyingine yoyote. Video ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl na J pamoja. Dirisha litafunguka likionyesha kilichomo: ukiona A52 (jina jingine la AC-3) au DTS kwenye sehemu ya sauti, umeshajua kilichoishinda programu yako ya zamani. Usipoona sehemu ya sauti kabisa, faili hilo halina sauti. Mrudie aliyerekodi umwombe faili la kwenye kadi ya kamera.

Ukumbini au kanisani tatizo huwa lingine. Ukichomeka waya wa HDMI wa projekta, mara nyingi kompyuta huihamishia sauti huko, na projekta nyingi spika zake ni dhaifu au hazipo. Watu wanahangaika na mixer ya ukumbi wakati sauti imeenda kwenye projekta! Bonyeza alama ya spika karibu na saa, pale chini kulia, uchague spika za kompyuta yenyewe. Fanya hivyo kabla MC hajaanza.

Muziki ukisikika ila maneno ya watu yako mbali, angalia kama kompyuta imewekewa sauti ya 5.1, yaani ya spika sita, wakati una spika mbili tu. Maongezi hupitia spika ya katikati, ambayo wewe huna. Irudishe kwenye stereo, yaani sauti ya spika mbili.

Kwa wanaotaka kuchezesha kwenye TV kwa flashi, VLC ya kompyuta haitawasaidia, maana TV hutumia programu yake yenyewe. Badilisha sauti iwe AAC, mfumo mwingine wa sauti, na picha uiache ilivyo. Natumia ffmpeg, programu ya kubadilisha mafaili kwa kuiandikia amri, nayo ni ya bure:

ffmpeg -i harusi.mts -c:v copy -c:a aac harusi.mp4

Kwa kuwa picha haiguswi, haipotezi ubora na kazi huisha haraka hata kwenye kompyuta ya zamani. Faili la mwanzo usilifute mpaka jipya umelisikiliza kwenye TV yenyewe, hotuba za wazazi zikiwemo.