Panya: anza na tundu, sumu baadaye

Dada wa Nakuru, umesema sumu umenunua mara mbili na bado panya wanatoboa mfuko wa unga, na juzi wametafuna sare ya mtoto. Pole. Mimi niko upande wa Malava, Kakamega, na miwa ya jirani inaanzia nyuma ya jikoni langu. Ikikatwa tu, panya waliokuwa humo wanahamia kwangu.

Nilianza kama wewe. Yule kijana wa kipaza sauti, "dawa ya panya, mende, kunguni!", alinijua kwa sura. Panya walikufa kweli, lakini mmoja alifia darini, na harufu ile tulikaa nayo karibu wiki mbili, mama mkwe akiwa mgeni wetu. Nyingi ya hizi dawa huzuia damu kuganda, kwa hiyo panya hafi papo hapo. Huchukua siku 3 hadi 5, naye huyo ameshajipenyeza usikofikia. Paka akimla, naye yuko hatarini. Niliacha siku nilipomkuta mtoto ameshika kikaratasi cha ile dawa.

Kilichonifungua macho ni unga. Usiku nilinyunyiza kidogo kando ya kuta, asubuhi nikaona vidole na mchirizi wa mkia ukielekea nyuma ya kabati, pale bomba la sinki linapotokea ukutani. Kisha mchana jua likiwa kali nilifunga mlango, nikaziba madirisha kwa blanketi, nikasimama gizani. Hapo ndipo utashangaa. Mwanga ulikuwa unapenya kila mahali mabati yanapokutana na ukuta, kwenye yale mawimbi. Nilihesabu matundu 17 kwenye nyumba niliyoishi miaka minne nikidhani imefungwa.

Kipimo changu ni penseli. Inapopita penseli, kama milimita 6, panya mdogo anapita. Yule mkubwa anahitaji nafasi ya kidole gumba tu. Kwa matundu ya bomba, sindilia stilwulu ya kusugulia sufuria, halafu paka simiti juu. Kule juu kwenye mabati nilipigilia waya ya kofitrei (ule wavu wa chuma wa matundu madogo), hardware wanaikata kwa mita. Chini ya mlango, kipande cha bati. Usikubali fundi akuwekee matambara au ile povu ya kupuliza peke yake. Meno ya panya yanakua maisha yake yote, lazima atafune, na povu kwake ni mkate.

Ila usizibe yote kabla hujawanasa walio ndani, la sivyo umewafungia na wewe. Nilitumia mitego ya mbao yenye springi, ile ya bei rahisi. Iweke ukutani, upande wa chambo ukigusa ukuta, maana panya hapendi kukatiza katikati ya chumba. Na huogopa kitu kigeni: iache siku tatu nne na chambo bila kuitega, azoee kula. Omena inafanya kazi, karanga pia. Usiku wa kwanza wa kutega nilipata wanne. (Paka wangu alikuwa kitandani na watoto. Simtegemei tena kwa lolote.)

Unga na mahindi hamishia kwenye ndoo za mfuniko au pipa la bati. Hata ile mifuko ya kuhifadhi mahindi isiyopitisha hewa panya huitoboa, na ikitobolewa haina kazi tena. Kama kuna tawi la mparachichi linalogusa paa, likate.

Kinyesi chao usikifagie kikavu. Nyunyizia maji yenye jiki, subiri dakika kadhaa, ufute ukiwa umevaa glavu. Mkojo wa panya hubeba magonjwa, na watoto wanatambaa hapo.

Kwa kuwa umepanga, piga picha za yale matundu umwonyeshe mwenye nyumba. Wa kwangu wa zamani alisema panya nimekuja nao mimi. Nilipomfungia mlango wa chumba mchana na kumwachia gizani auone ule mwanga mwenyewe, kesho yake alituma fundi na nusu mfuko wa simiti. Na ukiwa karibu na mashamba ya mahindi, fanya hii kazi kabla watu hawajaanza kuvuna.