Kwa nini paka jike hatolewi kabla ya kufungwa kizazi

Dada wa Kadutu, hapa Bukavu, umelalamika kwamba wale wanaookota paka na kuwatafutia nyumba wamekunyima jike wa miezi mitano mpaka apasuliwe kwanza, na bado wanataka usaini karatasi na mwenye nyumba akubali, wakati wewe unataka paka wa kufukuza panya tu. Mimi naona wana haki.

Jike huanza joto, yaani kutaka dume, akiwa na miezi minne hadi sita. Mimba yake ni kama siku 65, na anaweza kushika nyingine akiwa angali ananyonyesha. Ulaya mchana mfupi wa majira ya baridi humpumzisha, lakini Bukavu tuko karibu na ikweta, mchana ni uleule Januari hadi Desemba, kwa hiyo anazaa mwaka mzima. "Nitampeleka mwezi ujao" huishia kwenye boksi la watoto watano kando ya barabara. Na tafadhali usimdunge ile sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama. Homoni yake huleta usaha katika kizazi na uvimbe wa matiti.

Kuhusu upasuaji wenyewe: paka mkubwa asile tena baada ya saa nne usiku, maji anywe mpaka asubuhi. Mtoto mdogo anyimwe chakula kwa muda wa saa tatu au nne tu kabla ya upasuaji, maana sukari yake hushuka upesi. Tumbo likiwa limejaa, atatapika akiwa usingizini na matapishi yataingia mapafuni. Ukifika kwa veterinere, daktari wa wanyama, tazama kama anampima uzito kabla ya sindano. Dozi ya ketamini, dawa ya usingizi, huhesabiwa kwa kilo. Akikadiria kwa macho, chukua paka wako mwende. Dawa hiyo humlaza macho yakiwa wazi, hapepesi, ndiyo maana yapakwe marhamu yasikauke. Jike aliye kwenye joto ni heri asubiri, kwa sababu mishipa imejaa damu na atavuja zaidi.

Akirudi nyumbani, adui wa kwanza ni baridi yetu ya usiku. Mlaze sakafuni juu ya blanketi, wala si kitandani, maana akijaribu kuinuka ataanguka. Muwekee karibu chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Mpe chakula kidogo akishaweza kushika kichwa bila kuyumba. Parasetamoli hapana kabisa, hata nusu kidonge inaweza kumwua. Dawa ya maumivu itoke kwa veterinere. Akilamba mshono, kata soksi ndefu ya mtu mzima, toboa matundu manne ya miguu, umvalishe kama shati. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Ukiona usaha, damu inayodondoka, kidonda kimefunguka, au kesho yake jioni bado hajala, mrudishe siku hiyohiyo. Dume mara nyingi haachwi na nyuzi, usishtuke, ila anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa, basi mtenge na majike.

Nirudi kwenye masharti. Wanaulizia mwenye nyumba kwa sababu akikataa paka ukiwa umeshamleta, paka ndiye atakayetupwa nje. Wanaulizia sumu ya panya, yako na ya majirani, kwa sababu paka hula panya aliyekwisha kula sumu, naye akafa vilevile. Ukishindwa kumtunza, umrudishe kwao, usimpe binamu wa Bagira, ili wajue aliko. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka. Uliza kama amepata na upewe karatasi yake.

Sharti ninalolipinga ni la kuonyesha karatasi ya mshahara. Nusu ya mji huu inaishi kwa biashara ndogondogo, na anayeuza mboga sokoni anaweza kumlisha paka vizuri kuliko mwenye ofisi. Heri wakuulize paka atakula nini: ugali mtupu hautoshi, anahitaji samaki au nyama kila siku, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizochemshwa bila chumvi zinafaa sana.

Ukimpata, mfungie chumba kimoja wiki mbili za kwanza, na boksi la mchanga mbali na sahani yake. Ukimwachia nje mapema atajaribu kurudi alikotoka, na barabara za Kadutu hazimsubiri paka avuke.