Kwa waongoza watalii wapya wa Mji Mkongwe: habari za Freddie na Queen

Msimu umeanza, na kila nikipita Shangani na wageni wangu nakusikieni. Wallahi nakusikieni. Makumbusho ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, yako wazi tangu 2019, maelezo yamebandikwa ukutani, na bado mtu anasimama mlangoni anasimulia filamu ya Bohemian Rhapsody. Nakupendeni wadogo zangu, ila mnanichosha.

1. Queen haikuanzishwa na Freddie peke yake. Brian May na Roger Taylor walikuwa na bendi ya Smile. Mwimbaji wao alipoondoka mwaka 1970, Freddie akaingia, na jina jipya likaja naye. John Deacon, mpiga besi, akafuata 1971. Semeni hivyo, tembeeni.

2. Alizaliwa hapa 5 Septemba 1946, Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, baba yake mtunza fedha wa mahakama. Si Mgoa, si Mwarabu, kama nilivyomsikia mmoja wenu akiapa. Akiwa bado mdogo alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, na bendi yake ya kwanza, The Hectics, aliipigia piano huko huko. Alirudi 1963, baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Feltham, Uingereza. Na si kila mlango wa nakshi ni "nyumba ya Freddie". Mgeni aliyeonyeshwa nyumba jana na papasi, wale vijana wanaowavizia watalii mitaani, atakuuliza leo mbona imehama mtaa.

3. Msiseme "Queen hawakupiga Afrika hata siku moja." Hii naijua kwa sababu ilikuwa yangu. Niliisema kwa madaha, na mkono kifuani: mtoto wa Unguja, dunia nzima imemsikia, bara lake halikumwona jukwaani. Wageni walikuwa wanasikitika vizuri, na mimi nikiona bakshishi inanona. Katika kundi alikuwamo mama mmoja wa Afrika Kusini, mtu mzima, mpole. Akangoja nimalize. Kisha akaniambia, "Mwanangu, walikuja kwetu. Bora wasingekuja."

Oktoba 1984 Queen walipiga Sun City, hoteli ya kamari iliyokuwa Bophuthatswana, moja ya zile "nchi" ambazo serikali ya makaburu ilizibuni ili Waafrika wawe wageni kwao. Wasanii walikuwa wametakiwa waisusie Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Wao wakajitetea kuwa si watu wa siasa, kwamba wanampigia yeyote anayetaka kuwasikiliza. Sauti ya Freddie ikamkatika katikati ya maonyesho, mengine yakafutwa. Walivyorudi, chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawapiga faini, na Umoja wa Mataifa ukawaingiza kwenye orodha ya waliovunja mgomo huo. Yule mama aliyasema haya yote bila kupaza sauti, na mimi sikuwa na hata neno moja la kujazia. Miaka yote nilikuwa nauza huzuni ya uongo wakati ya kweli ipo. Nilimaliza ziara nikionyesha milango tu. Kidole hiki, kulia, kushoto.

Sasa naisimulia mwenyewe, na sijapata mgeni aliyekasirika. Tena inakaa vizuri na inayofuata: miezi tisa tu baadaye, 13 Julai 1985, bendi ile ile iko Wembley, London, kwenye tamasha la Live Aid, ikichangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Dakika kama 20, watu elfu 72 wanapiga makofi pamoja. Msiwaamulie wageni waonaje. Wawekeeni yote mawili.

4. Ile filamu, ya 2018, inasema bendi ilikuwa imevunjika kabla ya Live Aid. Haikuvunjika, walikuwa wametoka ziarani Mei ya mwaka ule ule.

5. Wimbo wenyewe wa Bohemian Rhapsody, 1975: dakika 5 na sekunde 55, wiki 9 namba moja Uingereza, baada ya mtangazaji Kenny Everett kuipiga redioni mara 14 wikendi moja. Wageni wataanza kuimba uchochoroni. Waacheni, ila si karibu na msikiti wakati wa sala, hata wakifika pale wimbo unaposema "Bismillah".

6. Kaburi. Wataulizia kaburi. Alifariki London 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kutangaza kuwa ana ukimwi, na mwili ukachomwa huko huko. Yalipowekwa majivu hapakutangazwa. Kwa hiyo yule bwana mdogo anayewapeleka watu makaburini, anajijua, bei yake naijua pia, na wiki hii nitamngoja pale pale.