Barua kwa Mwanangu: Ni Nani Aliyekusanya Sampuli?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata Jumatatu pamoja na nakala ya wasifu wako, na nimechelewa kuijibu kwa sababu nilitaka kwanza niusome wasifu huo kama anavyousoma mtu asiyekujua, jambo ambalo kwa mzazi si jepesi. Uliniuliza hivi: umemaliza uzamivu, una makala nne zilizochapishwa, umeomba kazi kumi na moja ndani na nje ya vyuo vikuu, na umeitwa kwenye usaili mara moja tu, je, wasifu wako umepungukiwa na nini, na uongeze kitu gani? Nimeuchapa, nikakaa mezani na penseli kama nilivyokuwa nikifanya miaka yote niliyokuwa katika kamati za kuajiri watafiti. Jibu langu ni kwamba hakuna cha kuongeza kwenye orodha zako. Kilichokosekana ni mtenda.

Tazama ukurasa wa pili, pale ulipoieleza kazi yako ya uzamivu. Umeandika kwamba sampuli za maji zilikusanywa, bakteria walikuzwa maabarani, usugu wao dhidi ya dawa ulipimwa, na data zilichambuliwa kwa programu ya R. Vitenzi vinne, vyote vya kutendwa, na hakuna hata kimoja kinachomtaja aliyetenda. Najua ulikoitoa tabia hiyo, kwa maana nami nilifundishwa hivyohivyo: katika sehemu ya mbinu za utafiti mwandishi hujiondoa ili matokeo yasimame yenyewe, na asomaye aweze kuirudia kazi bila kujali ni mikono ya nani iliyoifanya mara ya kwanza. Huo ni uungwana wa kisayansi. Lakini anayesoma wasifu hana haja ya kuirudia kazi yako, anatafuta mikono. Akisoma kwamba sampuli zilikusanywa, hawezi kujua kama ulizikusanya wewe, au fundi wa maabara, au wanafunzi wa shahada ya kwanza, au kama ulizikuta zimeshawekwa kwenye jokofu. Na kwa kuwa bado ana rundo la maombi mengine ya kusoma kabla ya jioni, hatakupigia simu kukuuliza.

Nikakumbuka jambo ulilonisimulia wakati ule, kwamba ni wewe uliyegundua kuwa chupa za sampuli zilikuwa zikifika maabara zimeshapata joto, ukabadili namna ya kuzisafirisha, kisha ukairudia duru nzima ya kwanza ingawa ilikugharimu miezi miwili. Jambo hilo halimo kwenye wasifu. Halimo kabisa, ilhali ndilo ambalo mimi, kama ningekuwa mwajiri, ningetaka kulisikia kabla ya jina la jarida lolote. Andika hivi: "Nilibuni utaratibu wa kukusanya na kusafirisha sampuli za maji kutoka vituo 12, niligundua kwamba sampuli za duru ya kwanza zilipata joto njiani, nikaurekebisha utaratibu na kuirudia duru hiyo, nilichambua data zote kwa R." Katika maneno hayo hamna sifa hata moja. Hayasemi kwamba wewe ni mchapakazi, wala mbunifu, wala mtu mwenye ari ya kushirikiana na wenzake, sifa ambazo umezipanga juu ya ukurasa wa kwanza na ambazo nimezikata zote kwa sababu kila mwombaji anazo. Msomaji akikutana na chupa zilizopata joto, sifa hizo atakupa mwenyewe.

Usiogope kwamba huku ni kujisifu. Tumekulea kwa methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siijutii, ila methali hiyo inafaa kwa kitu kilichowekwa sokoni kikaonekana na kila mpitaji. Kazi ya mtafiti imefungiwa maabarani na ndani ya mafaili ya kompyuta. Usipoitaja, hakuna mpitaji atakayeiona. Mpaka wa kuchunga si kati ya kutaja na kutotaja, bali kati ya "nili-" na "tuli-". Hata utakapouandika wasifu kwa lugha nyingine, upitishe kwanza kichwani kwa Kiswahili, maana lugha yetu itakulazimisha kuchagua kiambishi: je, ni "nilibuni" au "tulibuni"? Ukisita, jua kwamba umefika mahali ambapo hata msailiwa mkongwe angeulizwa swali.

Yapo majarida mengi ambayo siku hizi humtaka kila mwandishi aeleze mchango wake kwa kutumia mfumo uitwao CRediT, wenye majukumu 14, kama vile kubuni wazo, kuandaa mbinu, kuandika programu, kutunza data, kuzichambua, kuandika rasimu ya kwanza, kusimamia na kutafuta fedha. Chukua makala zako nne, kila moja uipitishe kwenye majukumu hayo, kisha chini ya kila makala uandike mstari mmoja tu wa mchango wako. Mstari huo una faida nyingine usiyoifikiria. Katika sayansi za viumbe jina la kwanza ni la aliyebeba mzigo mkubwa wa kazi, na la mwisho kwa kawaida ni la mkuu wa maabara. Lakini katika hisabati na katika fizikia ya chembe ndogo majina hupangwa mara nyingi kwa alfabeti, na nje ya vyuo wapo waajiri wasiojua desturi yoyote kati ya hizo. Makala yako ya tatu, ambayo jina lako ni la nne kati ya tisa, inaonekana ya pembezoni, kumbe uchambuzi wote wa takwimu uliufanya wewe.

Kuhusu hizo makala zenyewe, umezichanganya. Zilizopitiwa na wataalamu wenzako na kuchapishwa zikae peke yake, zilizowekwa hadharani kabla ya mapitio zikae peke yake na zitajwe hivyo, na mabango ya mikutano yawe na orodha yake fupi. Iliyokubaliwa si sawa na iliyowasilishwa, na ile uliyoiandika kuwa "inaandaliwa" nimeifuta, kwani makala inayoandaliwa kila mtu anayo, hata mimi ninayo moja tangu nilipokuwa na umri wako. Kila makala iwe na namba yake ya DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha mtandaoni, ili msomaji aifikie kwa kubofya mara moja, na juu kabisa, kando ya jina lako, weka namba yako ya ORCID, ile yenye tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti mmoja tu, hasa kwa kuwa ulianza kuchapisha kwa majina mawili na baadaye ukatumia matatu. Bila namba hiyo makala zako zinaonekana kama za watu wawili.

Umeweka pia kigezo cha h na alama za athari za majarida. Viondoe. Kigezo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kinahesabu makala ngapi za mtu zimenukuliwa angalau mara idadi hiyohiyo. Mwenye makala nne hawezi kuvuka 4 hata kama zimenukuliwa duniani kote, kwa hiyo kinachopimwa hapo ni kalenda yako. Alama ya athari, kwa upande wake, ni wastani wa mara ambazo makala za jarida zima hunukuliwa, na haisemi lolote kuhusu makala yako. Taasisi nyingi zimetia saini Azimio la San Francisco, lililotokana na mkutano wa Desemba 2012, linalozitaka ziache kuwapima watafiti kwa alama hizo, na itakuwa ajabu uzipelekee kitu zilichoapa kutokitazama.

Sasa nije kwenye kosa ambalo naamini limekunyima nafasi nyingi zaidi, nalo ni kutuma kurasa hizi saba kwa kila mtu. Wasifu wa kuombea kazi ya chuo unaruhusiwa kurefuka, kwa sababu kamati inataka kuona ufundishaji, ruzuku, mikutano na mapitio uliyowafanyia majarida. Kampuni ya dawa au ofisi ya serikali haitaki hayo. Inataka wasifu mfupi, ambao nchini Marekani una hata jina lake tofauti, nao kwa kawaida hauzidi ukurasa mmoja au miwili. Basi tunza waraka mmoja mkubwa wa siri yako, wenye kila kitu pamoja na tarehe zake, usiompelekea mtu yeyote, na kila tangazo la kazi linapotoka ukate kutoka humo kinachohusika. Kwa kazi zisizo za chuo anza na unachoweza kufanya, kisha mahali ulipokifanya, na machapisho uyafupishe hadi mawili yenye uzito. Bajeti uliyoisimamia, ratiba uliyoitunga ukaifuata, wanafunzi wawili uliowafundisha vipimo mpaka wakajitegemea, hayo uliyaona madogo ukayazika ukurasa wa sita. Kwa mwajiri wa aina hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kama tangazo limeweka masharti yake ya kurasa au mpangilio, yafuate hayo uyaache yangu.

Wapo pia wafadhili na vyuo wanaotaka wasifu wa maelezo badala ya orodha, kwa mfano ule uliotolewa mwaka 2019 na Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ambao humtaka mtafiti aeleze alivyochangia katika kuzalisha maarifa, kuwakuza watu wengine, kuihudumia jumuiya ya watafiti na kuinufaisha jamii pana. Hata kama hujaombwa kuuandika, jaribu kujibu maswali hayo manne kwenye karatasi. Nilipokujaribishia mimi kwa yale ninayoyajua, swali la pili ndilo lililojaa zaidi, na kwenye wasifu wako limepata tu wale wanafunzi wawili wa ukurasa wa sita.

Kwenye orodha ya vifaa na mbinu nimezungushia duara vitu vitano, na hapa nina deni la kukiri. Nilipoomba kazi yangu ya pili niliandika kwamba naimudu mashine ya kusoma mfuatano wa DNA, kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nikiipelekea sampuli zangu. Kwenye usaili mama mmoja mpole aliniuliza huwa nafanya nini ishara inapofifia katikati ya usomaji. Sikuwa na jibu, kwa kuwa inapofifia aliyekuwa akihangaika ni fundi, nami nilikuwa nikinywa chai. Tangu pale hata yale niliyoyajua kweli hawakuyaamini. Katika vitano nilivyovizungushia, bakiza vile ambavyo ungeweza kuvitumia kesho asubuhi bila mtu kusimama nyuma yako. Vingine viweke chini ya maneno "ninavifahamu kwa kiasi", na hakuna atakayekucheka.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Waajiri wengi wakubwa huchuja maombi kwa programu ya kompyuta kabla hayajafika kwa binadamu, kwa hiyo acha safu mbili, majedwali na michoro ya nyota inayoonyesha ujuzi wako ni wa kiwango gani, na tumia maneno yaleyale ya tangazo pale yanapokuhusu kweli. Umri, ndoa na dini havihitajiki isipokuwa umeagizwa. Namba ya kitambulisho usiiweke hata ukibembelezwa. Wadhamini wako uwaombe ruhusa kila mara na uwapelekee tangazo pamoja na wasifu uliotuma, maana mdhamini anayeshtukizwa kwa simu husifu kwa maneno ya jumla, na maneno ya jumla husikika kama lawama. Faili lako umeliita "CV mpya ya mwisho 3". Liite kwa jina lako.

Ukurasa wa nne nimeuacha uwe wa mwisho kwa makusudi. Pale umeandika miaka tu bila miezi, na nilipohesabu nikagundua kwa nini: ulitaka ule mwaka usionekane, mwaka ulioiacha maabara ukaja kunihudumia nilipougua. Msomaji mzoefu huliona pengo la namna hiyo mara moja, na asipopewa sababu hujitungia yake, ambayo haiwi nzuri kuliko ya kweli. Rudisha miezi, kisha weka mstari mmoja usio na maelezo mengi: "Nilisitisha masomo kwa miezi 11 ili kumhudumia mzazi mgonjwa, nilirejea na kukamilisha tasnifu." Wafadhili wengi siku hizi huuondoa muda wa namna hiyo wanapohesabu umri wa kitaaluma wa mtafiti, lakini hawawezi kuondoa wasichoambiwa. Nilitaka niuandike mstari huo mwenyewe kwa penseli, nikashindwa, kwa hiyo pale nimeacha nafasi tupu. Uandike wewe, na uuanze kwa "nili-".

Kurasa nyingine utazikuta na alama zangu ndani ya bahasha. Tangazo ulilonitajia linafungwa tarehe ishirini. Nipelekee kurasa mbili mpya kabla ya hapo, nami nitazisoma usiku huohuo.

Wako akupendaye,
Mama