Kutoa povu ndani ya faiba ya kaboni: kazi ngumu huanza povu likishayeyuka

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji anayejitengenezea bomba la kuingizia hewa kwenye injini ya pikipiki. Alichonga povu kwa umbo la bomba, akalivisha kitambaa cha kaboni na epoksi (gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu), likakauka vizuri, akamimina asetoni ndani ili kuliyeyusha povu. Povu likanywea akiliangalia kwa macho yake. Alipoweka bomba kwenye mizani, uzito ulikuwa karibu ule ule. Anauliza kama ameuziwa asetoni feki.

Asetoni yake haina tatizo. Povu jeupe la polistairini, lile la punje punje, karibu asilimia 98 yake ni hewa. Asetoni inalegeza kuta za vile vyumba vidogo, hewa inatoka, lakini plastiki yote inabaki pale pale. Chukua kiini, yaani povu lililo ndani ya kitambaa, cha lita 3 cha lile povu gumu la bluu au waridi, ambalo nalo ni polistairini, lenye uzito wa kilo 30 kwa mita moja ya ujazo. Hapo una gramu 90 za plastiki. Ukishamimina asetoni, lita 3 zinageuka mililita 86 hivi za uji mzito ulioganda chini, na gramu ni zile zile 90. Asetoni ikikauka kabla hujautoa uji huo, umepaka ndani ya bomba lako plastiki ngumu ambayo safari hii haina hewa, na kuirudisha katika hali ya kutoka ni kazi kubwa kuliko ya mwanzo.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili kwa nguvu. Majuzi nimemaliza bomba la aina hiyo hiyo, lenye kona mbili na tumbo katikati, umbo ambalo kiini chake huwezi kukivuta kikatoka kizima. Nilipokuwa nalianza, fundi mmoja niliyemheshimu sana aliniambia mbele ya watu kwamba kaboni si kazi ya nyumbani, niwaachie wenye matanuri ya mgandamizo, yale yanayokomaza kaboni kwa joto na shinikizo. Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma nikiyakumbuka. Leo bomba lile limefungwa kwenye injini, ndani linang'aa, na ukiligonga kwa ukucha linalia sauti kavu ya kitu kilicho kitupu kabisa. Halina tanuri lolote ndani yake. Lina subira na mpangilio.

Nilivyofanya ni hivi. Kabla ya kuweka kitambaa nilikizungushia kiini selotepu pana ya kufungia maboksi, vipande vyembamba kwenye kona ili isikunjane. Epoksi haishiki sana kwenye selotepu ile, na asetoni haiiyeyushi. Baada ya kukauka nilifungua ncha zote mbili, maana tundu moja halitoshi: unahitaji mlango wa kumimina na mlango wa kutolea. Nikamimina asetoni kidogo, kiasi cha kulowesha tu, nikageuza bomba huku na huku. Unasikia kama kitu kinachochemka, kisha kinanyamaza. Hapo ndipo wengi wanaongeza asetoni. Mimi niliingiza waya mnene niliokunja ncha yake kama ndoana, nikauvuta ule uji ungali laini. Unatoka kwa mikanda mirefu inayonata, kama ubani uliotafunwa, na ukivuta taratibu mkanda mmoja unabeba mwingine. Nikamimina tena kidogo, nikavuta tena. Plastiki ilipoisha kuvutika ndipo nikasuuza, nikamwaga, nikasuuza, mpaka asetoni ikawa inatoka bila utelezi ukiisugua kati ya vidole vyenye glavu. Mwisho nikaishika selotepu kwa koleo ya mdomo mrefu na kuizungusha. Ikatoka imejikunja kama ngozi, imebeba utando wa mwisho.

Kumbuka kwamba asetoni haiyeyushi polistairini ikawa maji kabisa; inaivimbisha na kuilainisha tu. Toluini ndiyo huiyeyusha vizuri zaidi, na ndiyo maana thina zenye toluini husafisha ule utando uliogoma. Lakini mvuke wa toluini ni mkali kwa kichwa na mishipa ya fahamu, kwa hiyo mimi naitumia kwenye suuzo la mwisho peke yake, tena nje ya nyumba.

Ndugu zangu, kazi hii inaharibikia mapema, kabla hata hujanunua asetoni. Jaribu povu lako kwanza. Tia kipande kwenye chupa ya kioo yenye asetoni kidogo; kisiponywea, hilo huenda ni poliuretheni, povu la plastiki ya aina nyingine, na unaweza kulimiminia mpaka kesho kutwa. Hilo utalikwangua kwa mkono. Ukiwa na polistairini, usitumie rezini ya poliesta, gundi nyingine ya kupakia kitambaa, kwa sababu ina stairini ndani yake na itaanza kula kiini ukiwa bado unapaka. Tumia epoksi. Na epoksi uipe muda! Watu wanaona imekuwa ngumu baada ya siku moja wanakimbilia kuyeyusha. Epoksi nyingi za kukaukia hewani huchukua kama wiki kukomaa. Kaboni yenyewe haijali asetoni hata kidogo, ila epoksi changa inavimba na kulainika, na ukiiloweka usiku kucha unaidhoofisha ile ile gundi inayoshikilia nyuzi zako. Unaweza kuipa joto la taratibu povu likiwa bado ndani, lakini usivuke nyuzi 60, maana ukikaribia 80 povu linaanza kupoteza umbo na kuvuta ukuta nao.

Jiulize pia kama kuna haja ya kulitoa. Burt Rutan, mbunifu wa ndege wa Marekani, miaka ya 1970 alichora VariEze na kisha Long-EZ kwa ajili ya watu wanaojiundia ndege wenyewe. Mabawa yake ni povu lililokatwa kwa waya wa moto na kuvishwa nyuzi za kioo, na povu linabaki humo daima, kwa sababu ndilo linalozuia ngozi nyembamba isijikunje. Mahali pa mafuta hakuweka polistairini, kwani petroli inaiyeyusha. Kwa hiyo ukitoa kiini kwenye kitu kinachobeba mzigo, ongeza tabaka za kitambaa kwanza. Kwenye bomba la hewa ni lazima kitoke, tena chote: kipande kilichosahaulika kwenye kona kitaishia kwenye injini.

Sasa usalama, na hapa sibembelezi mtu. Asetoni inawaka hata kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Mvuke wake ni mzito mara mbili ya hewa, kwa hiyo unatambaa sakafuni mpaka kwenye jiko au cheche ya chumba cha pili. Fanyia kazi nje. Usiingize drili wala mashine ya kukaushia nywele ndani ya bomba lenye mvuke, na usizibe ncha zote mbili, kwa sababu asetoni inachemka kwa nyuzi 56 na jua peke yake linatosha kujaza shinikizo. Glavu nyembamba za naitraili inazipenya ndani ya dakika chache. Tafuta za mpira wa butili, na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, si ile ya kitambaa.

Ule uji usiumwage kwenye sinki wala mtaroni. Utaganda ndani ya bomba la maji machafu. Utandaze kwenye sinia la chuma, uuweke nje mbali na moto na watoto. Asetoni ikishaondoka yote utabaki na kipande cha plastiki ngumu, nacho kinatupwa na taka ngumu nyingine.