Nati haivuti tundu

SWALI: Fundi, shikamoo. Nipo Nyakato, Mwanza. Nina Corolla KE70 ya 1982 aliyoniachia baba. Nimenunua rimu za sport zilizotoka kwenye Corolla AE100, ila zenyewe ni 4×100 (matundu manne kwenye duara la kipenyo cha milimita 100) na gari langu ni 4×114.3. Fundi wangu anasema atatoboa matundu mapya kwenye diski za mbele, ya zamani atayaziba kwa kuchomelea. Ni salama?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwambie aweke drili chini kwanza. Diski haishiki tairi. Stadi, zile bolti zinazopokea nati za tairi, zimekaa kwenye habu, kile kipande kinachozunguka na tairi, na kwenye KE70 diski imefungwa nyuma ya habu kwa bolti zake. Atake asitake itabidi aiguse habu, na habu ndiyo yenye beringi. Nyuma hujaniuliza, lakini huko kuna ngoma na eksili, nazo ni 4×114.3 vilevile.

Kuchomelea usikubali kabisa. Diski ni chuma cha kusubu. Ukikipiga moto sehemu moja, pembeni yake panakuwa pagumu na pakavu kama kioo, na ufa unaanzia hapo. Sasa shuka mlima wa Isamilo mguu ukiwa kwenye breki, diski ichemke, halafu chini ukute dimbwi la mvua.

Turudi kwenye matundu. Kutoka 114.3 hadi 100, kila tundu linasogea milimita 7.15 tu kuelekea katikati, na stadi ina unene wa milimita 12. Kwa hiyo tundu jipya linakula la zamani, unabaki na tundu la umbo la yai. Hapo ndipo inapokuja ile kauli inayoniudhi kuliko zote: "Usijali, nati ikikazwa itavuta."

Nati haivuti tundu! Kazi yake ni kuibana rimu kwenye habu mpaka msuguano wa nyuso hizo mbili ubebe mzigo. Tundu likikaa pembeni hata milimita moja, nati inalala upande, rimu haibani sawasawa, na stadi inapinda kidogo kila tairi linapozunguka. Tairi lenye mzunguko wa mita 1.8 linazunguka zaidi ya mara 550 kwa kilomita moja. Hapa mezani nina stadi iliyokatika namna hiyo. Sehemu kubwa ya mkato ni laini, ina mistari myembamba iliyopinda kama alama za mawimbi kwenye mchanga wa ziwani, na ukingoni kuna kipande kidogo chenye chembechembe. Mistari ile ni ufa uliokuwa ukitembea siku baada ya siku. Kile kipande kidogo ndicho pekee kilichokuwa kimeshika tairi asubuhi lilipochomoka. Na mwenye gari alikuwa amekaza kweli, alipanda juu ya spana kwa miguu miwili.

Kazi hii inafanyika kihalali kwa fundi wa lethi mwenye meza ya kugawa duara kwa nyuzi: matundu mapya yanazungushwa nyuzi 45 yakae katikati ya yale ya zamani, stadi zinaingizwa kwa presi. Lakini habu nyingine si duara kamili, zina masikio manne tu, na kati ya masikio hakuna chuma cha kutoboa. Hata ukifanikiwa, rimu za AE100 zitaingia ndani mno na kukaribia shokapu, na tundu lake la katikati ni milimita 54.1, huenda kitovu cha habu kisipite. Ningekuwa wewe ningeziuza, nikatafuta za 4×114.3.

Wengine mnaosoma, ugonjwa huu hauko kwenye KE70 peke yake. Naona Mercedes W123, ambayo ni 5×112, ikivalishwa rimu za 5×114.3 kwa sababu "zimeingia". Zimeingia kwa kulazimishwa. Rimu ya matundu matano ipime kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la jirani, zidisha kwa 1.701 upate kipenyo cha duara la matundu, ndipo utoe hela. Na ukinunua gari la mtu, vua tairi moja uangalie matundu ya rimu. Ukikuta alama za tupa, usiliendeshe hata kulifikisha nyumbani.